Tangu tustaafu hatujapata siku ya kukaa nyumbani wawili. Wastaafu wenzangu, mnapangaje wiki?

Sista wa Rau:

Habari za jioni wapendwa. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo napokea za kwenu.

Naishi Rau, hapa Moshi mjini, na mume wangu. Mimi nilikuwa muuguzi, nikastaafu 2023 nilipotimiza miaka 60. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, alistaafu 2020. Mtaani mimi ni Sista, yeye ni Mwalimu, na hayo majina mawili ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo.

Wiki iliyopita tulipanda Uru Shimbwe kwenye kihamba chetu, lile shamba la ukoo. Tuna mikahawa kama 90, mingi ya zamani aliyoiacha baba mkwe, na michache ni chotara ya Lyamungu tuliyopanda wenyewe. Kuchuma tulikuwa tumepanga tangu wiki tatu nyuma, lakini kila siku tuliyoitaja ililiwa na jambo. Tulipofika nikashika tawi la kwanza. Kahawa imekaukia mtini, nyeusi, ukiiminya hakuna utelezi, ni buni tupu. Nyingine ziko chini na kuku wa jirani wanazichakura. Mume wangu alisimama katikati ya migomba na debe lake mkononi, hakusema neno. Kisha akachuchumaa akaanza kuziokota zile zilizodondoka, moja moja, anazipuliza vumbi na kuzitia kwenye debe.

Buni bei yake haifiki ile ya kahawa iliyochumwa mbivu ikamenywa, ikaoshwa na kuanikwa vizuri, kila mkulima wa huku analijua hilo. Lakini nilichokililia njiani tukishuka haikuwa bei.

Tulifunga ndoa 1986. Mwaka 1991 akapangiwa Tabora, baadaye Songea, jumla miaka 11. Mimi nikabaki Moshi na watoto watatu na zamu za usiku. Aliporudishwa Kilimanjaro akapelekwa Same, ikawa anafika Ijumaa jioni na Jumapili mchana anarudi. Barua zake za Tabora ninazo mpaka leo kwenye bati la biskuti. Katika mojawapo aliandika kwamba tukistaafu, chai ya saa nne tutakunywa pamoja kila siku, kwenye meza moja, mpaka mmoja wetu aitwe na Mungu. Sasa tumestaafu wote. Ikifika saa nne namwekea kikombe, nakifunika na kisosi, na mara nyingi nakuja kumwaga ile chai saa sita.

Niwaeleze wiki yetu ilivyo. Jumamosi ndiyo nzito zaidi. Saa 12 asubuhi tunasali jumuiya, kwa zamu ya nyumba hadi nyumba, na mwenye nyumba hawezi kukuacha uondoke bila chai na maandazi. Tukitoka hapo kama kuna msiba, na Jumamosi msiba hauna kukosa, tunapanda Kibosho au Uru au tunashuka Njiapanda. Unajua Mchagga hata akifia Dar anarudishwa kuzikwa nyumbani kwao, kwa hiyo maziko yanasubiri ndugu wafike na mengi yanaangukia siku hiyo. Jioni ile ile kuna sendofu ama harusi. Kuna Jumamosi nilivua kitenge cha msibani ndani ya gari la mtu, pale Kiboriloni, nikavaa sare ya sherehe, nikaingia ukumbini macho yangu bado mekundu. Bibi harusi akanikumbatia akidhani nalia kwa furaha yake.

Jumatatu nina vicoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mmoja ni mimi. Nisipoenda, wanawake 25 hawawezi kufungua, na yupo anayetegemea mkopo wa siku hiyo kununua ndizi za kupeleka sokoni Mbuyuni. Jumatano WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki, tunatembelea wagonjwa. Jumanne Mwalimu yuko kamati ya ujenzi wa kigango. Ijumaa kuna kliniki yake ya presha, tukirudi ni mambo ya ukoo.

Alhamisi ni vikao vya harusi, na hapa ndipo ninapohitaji ushauri zaidi. Kwa sababu ni mwalimu wa hesabu, kila kamati ikiundwa jina la kwanza kwa mweka hazina ni lake. Sasa hivi yuko kwenye kamati tatu kwa mpigo, na makundi ya WhatsApp hayo hayo matatu. Ana kaunta buku moja kwa kila harusi. Anachora mistari kwa rula: jina, ahadi, alichotoa, salio, salio kwa kalamu nyekundu. Mwandiko ni ule ule wa ubaoni. Kikao kinaitwa saa 11 jioni, watu wanafika saa 1, anarudi saa 4 usiku na bado anakaa mezani kulinganisha miamala ya simu na daftari, maana pesa ya watu haiwezi kulala haijahesabiwa. Naipenda sana hiyo tabia yake, niseme ukweli. Ndiyo maana wanamwamini.

Na mimi nina geti langu. Nina mashine ya presha niliyoletewa na mtoto wetu wa pili. Juzi saa 12 na nusu asubuhi alifika mama mmoja, mkono wa gauni ameshaukunja mpaka begani kabla sijamfungulia. Siwezi kumrudisha. Mwaka jana nilimpima jirani nikakuta 190 kwa 110, na yeye alikuja kwa kuwa tu kichwa kilikuwa kinamgonga kidogo. Tulimkimbiza hospitali siku ile ile, leo yuko hai.

Kuhusu fedha, Septemba Mwalimu alipiga hesabu: kadi tatu za harusi 150,000, misiba minne 40,000, kipaimara na ubatizo 40,000. Jumla 230,000, nje ya nauli. Na Desemba inakuja, ambapo watu wote wa Dar na Mwanza wanarudi nyumbani na kila mwenye jambo analiweka hapo. Kwaresima ndiyo angalau tunapumua, maana harusi husimama.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Watu hawa nawapenda. Walinisaidia kulea watoto wangu baba yao akiwa Tabora. Ninachoomba ni siku moja. Mnaipataje? Na unamwambiaje mtu hapana bila kumfanya aone umemkataa yeye?

Mzee wa Sakina:

Sista, salamu kwako na kwa Mwalimu kutoka Arusha. Nina miaka 71, nilikuwa fundi idara ya maji. Hilo la kahawa limenigusa, mimi nilipoteza mahindi kwa namna hiyo hiyo, nimekaa vikaoni nyani wakamaliza shamba.

Niseme tulichofanya mimi na mama watoto. Tulichagua Jumanne. Mwanzoni tuliwaambia watu ni siku ya mapumziko, tukakosea, maana mtu akisikia umepumzika anaona ndiyo nafasi nzuri ya kuja kukusalimia. Baadaye tukasema Jumanne ni siku ya shamba. Mtu wa huku ukimwambia uko shamba hana swali la pili. Na tunakwenda kweli, saa 1 asubuhi tuko barabarani. Simu zinabaki nyumbani kwa mjukuu, anaandika nani kapiga, jioni tunawapigia wote. Mwaka wa nne sasa.

Kuhusu uweka hazina, Mwalimu asijiuzulu ghafla, watasema kuna kitu kimemuudhi. Kikao kijacho aombe msaidizi, kijana, amkalishe pembeni yake aandike yeye. Kikao cha pili kijana asome taarifa, Mwalimu anasikiliza. Cha tatu daftari linabaki kwa kijana. Mimi niliachia kamati mbili kwa njia hiyo na hakuna aliyenuna.

Kwenye michango, tangu enzi za mfuko wa pensheni wa PSPF, kabla mifuko haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, pensheni ikiingia naitoa fungu la jamii siku hiyo hiyo naliweka kwenye bahasha. Bahasha ikiisha nakwenda kwa miguu na pole yangu. Nimezika watu bila noti mfukoni na nimepokelewa vizuri tu.

Binti wa Machame:

Shikamoo mama, shikamoo baba wa Sakina.

Mimi si mstaafu lakini naomba niseme upande wa pili. Baba yangu alistaafu akabaki Dar, alijenga Kibamba, nyumba nzuri, geti jeusi, mtaa ambao kila mtu anatoka saa 11 alfajiri kuwahi foleni. Hakumjua jirani hata mmoja. Alikuwa ananipigia kila siku saa nne na nusu kuniuliza nimekula nini. Nikiwa kazini nashindwa kupokea, nikimrudia mchana nasikia sauti ya mtu ambaye hajaongea tangu jana. Mama alishafariki. Siku moja nilikwenda bila taarifa nikamkuta amekaa kibarazani amevaa suti. Nikamuuliza baba unakwenda wapi, akasema hakuna, nimeivaa tu.

Mwaka uliofuata alirudi Machame. Sasa yuko jumuiya, yuko kamati ya barabara ya kijiji, ni mzee wa kanisa. Nikimpigia mimi ndiye ninayeambiwa "nitakupigia, niko kikaoni". Nilikaa kwenye daladala nikalia siku aliponiambia hivyo mara ya kwanza.

Kwa hiyo mama tafuta hiyo siku, ni haki yenu, hasa kwa miaka mliyokaa mbalimbali. Ila muwe mnapunguza taratibu. Mkikata vingi kwa mara moja, watu wanazoea kutowaita.

Mama wa Kidia:

Sista hujambo. Mimi ni wa Old Moshi, nakaribia 66, na nina la kusema.

Mzee wa Sakina amesema vizuri yote, lakini kuna kitu hajakigusa. Vitu ulivyovitaja havilingani uzito, na wewe umeviweka kwenye kapu moja. Msiba na kikao cha harusi si ndugu. Mume wangu alifariki 2017, wiki ya mvua, udongo wote tope. Vijana wa ukoo na wa jirani walichimba kaburi tangu saa 11 alfajiri, wanakomba maji kwa ndoo huku wanachimba. Wanawake walifika kila mmoja na sufuria lake, kuni amejitwisha, sikumwita hata mmoja. Nililetewa mtori kitandani siku nne mfululizo na mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani, nilikuwa sioni vizuri kwa kulia. Huku kwetu Kidia ukristo ulifika na wamisionari, lakini kuzikana kulikuwepo kabla yao. Msiba ukiangukia siku yenu ya shamba, shamba lisubiri.

Harusi ni jambo jingine. Harusi moja ina vikao vya miezi mitatu, soda kila Alhamisi, halafu kikao cha kuvunja kamati. Jambo ambalo lingekwisha kwa vikao vinne. Mimi ninachofanya, kadi ikinifikia natoa mchango kamili siku hiyo hiyo. Siandiki ahadi. Namwambia mzazi, "Mwanangu, hiki hapa, na siku ya harusi nipo jikoni tangu asubuhi, ila vikao naomba mniache." Mtu aliyetoa kamili siku ya kwanza, hana wa kumfuata, na hakuna anayesema amekataa.

Presha usiache, ni sadaka hiyo. Weka asubuhi mbili kwa wiki, bandika karatasi getini. Anayejisikia vibaya agonge hata saa 8 usiku, anayetaka kujua tu aje siku yake. Funguo ya vicoba mpe mwenzako mkikaa mkutano wa mwaka, zipo zamu.

Halafu nisaidie kitu: huko Shimbwe una miche ya migomba ya mshare? Yangu imeshambuliwa na fukusi.

Kijana wa Pasua:

Shikamooni wazee wetu. Naongezea moja kwa Mwalimu. Sisi vijana mara nyingi tunaonekana hatutaki kazi za kamati, ila tunaogopa. Ukishika pesa za watu na hujulikani, 5,000 ikipungua jina limeharibika. Mzee akikaa pembeni yako vikao viwili, wajumbe wanapokea kwamba umefundishwa na yeye. Mimi nilifundishwa kushika daftari la jumuiya na mzee mmoja wa hapa Pasua kwa njia hiyo, na nina miaka 26. Baba atafute kijana, tupo.

Sista wa Rau:

Asanteni sana. Nimechelewa kurudi, zimepita wiki mbili, nilitaka nirudi na habari.

Nilimsomea Mwalimu majibu yote, nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza. Nilipofika kwa yule baba aliyevaa suti kibarazani aliniomba nirudie. Halafu akauliza, "Kwani chai ya saa nne niliandika barua gani?" Nikalileta lile bati. Alisoma barua nne tangu saa 2 usiku hadi saa 5, miwani anaivua anaivaa. Katika moja nilikuta kafanya hesabu pembeni ya ukurasa: miaka iliyobaki mpaka astaafu, mara wiki, mara siku. Sikuwahi kuiona, au niliiona wakati ule nikiwa na usingizi wa zamu nikapitiliza.

Tumechukua Jumatano. WAWATA niliwaambia ukweli wote kama nilivyowaambia ninyi. Mwenyekiti wetu akasema wagonjwa wa upande wa Rau Madukani nitawatembelea Ijumaa tukitoka kliniki, maana ni njiani. Sikutegemea lingekuwa jepesi vile.

Jumatano ya kwanza kulikuwa na msiba, Mama wa Kidia, tukaenda, kama ulivyosema. Alikuwa mama aliyenishikia mtoto wangu wa mwisho miaka ile. Nisingekuwepo pale nisingejisamehe.

Jumatano ya pili tulipanda Shimbwe na Hiace ya saa 1. Kahawa za juu kabisa ya kihamba, kule kwenye baridi, zilikuwa ndiyo kwanza zinaiva, nyekundu. Tulichuma mbivu peke yake, yeye mti mmoja mimi wa pili, ndoo imefungwa kiunoni kwa kanga. Ukizoea mkono unajua mbivu bila kutazama, inakuachia yenyewe. Tulipata debe mbili na nusu. Mashine ya kumenya ya baba mkwe ilikuwa na kutu, Mwalimu aliipaka mafuta ya kupikia tukaizungusha kwa zamu mpaka mikono ikanuka ule utamu wa maganda. Saa nne tulikuwa tumekaa juu ya magunia, chai kwenye chupa, magimbi ya kuchemsha. Mawingu yalifunguka kidogo tukakiona kilele cha Kibo, yakafunga. Akasimulia nyumba aliyopanga Tabora, jinsi maji yalivyokuwa shida, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anatembea kilomita 12 kuja darasani. Tumeoana miaka yote hiyo na mwanafunzi huyo nilikuwa sijawahi kumsikia.

Simu tuliziacha kwa jirani. Jioni tulikuta watu 14 wamepiga. Wawili walikuwa na jambo la haraka kweli, wengine walitaka kujua kama tumepata kadi.

Kamati mbili ameziombea wasaidizi. Ya tatu bibi harusi ni mtoto wa mdogo wake, hiyo anabaki nayo, na mimi nimemwambia abaki. Kijana aliyempata ni fundi simu pale Majengo. Jana alikuja nyumbani, Mwalimu akamkabidhi rula na kalamu nyekundu, wakakaa saa nzima kwenye safu ya salio. Nilisikia kupitia dirisha la jikoni: "Usifute. Ukikosea chora mstari mmoja, andika upya juu yake, ili kila mtu aone ulikosea wapi."

Karatasi ya presha nimebandika getini, Jumatatu na Alhamisi, saa 1 hadi saa 3. Yule mama wa gauni lililokunjwa alikuja Jumanne. Nilimpima.

Mzee wa Sakina, bahasha tumeitenga, Oktoba imeisha ikiwa na 12,000 ndani.

Mama wa Kidia, mshare ninayo, mashina mawili yametoa miche mizuri, nimeshaikagua haina fukusi. Ukiweza panda nasi Jumatano ijayo, njoo na panga na gunia la kufungia mizizi. Hiace inapakia saa 1 kamili.